Watazoea

Mama yangu hasomi menyu ya pesa kwenye simu yake. Anaicheza, kama wazee wa mtaani wanavyocheza bao: mkono unatembea huku mdomo ukisimulia mambo mengine. Ana kiswaswadu ambacho namba zake zimefutika kwa kubonyezwa. Akitaka kununua umeme wa LUKU anaita menyu, anabonyeza nne, tatu, moja, anaingiza namba ya mita ambayo nayo iko kichwani, kiasi, namba ya siri, basi. Mkono wa pili uko kwenye mwiko. Nimemtazama akifanya hivyo mara nyingi na sijawahi kumwona akisoma maneno yanayojitokeza katikati.

Mwaka juzi alinipigia saa mbili usiku akiwa gizani. Simu imekataa, alisema. Kila akiingiza namba ya mita inamjibu kwamba kiasi si sahihi. Alishajaribu mara nne na sasa anaogopa wasije wakamfungia na hela yake ndani. Nikamwambia akate, amwite mtoto wa jirani amsomee menyu polepole, halafu anipigie tena. Alipopiga ndipo tukaelewa. Juu kabisa ya orodha walikuwa wameongeza mstari mmoja wa huduma mpya, na kila kilichokuwa chini yake kikashuka ngazi moja. Nne ilikuwa imegeuka tano.

"Ni kitu kidogo tu, mama. Badala ya nne, bonyeza tano."

Akanyamaza kidogo, kisha akauliza: "Na ile nne yangu wamempa nani?"

Nilicheka. Sikuwa na haki ya kucheka, maana kazi inayonilisha ni hiyo hiyo ya kuhamisha nne za watu.

Tuko watano kwenye ofisi moja yenye feni mbovu, na tuna programu ya mauzo inayotumiwa na maduka ya kawaida: vifaa vya ujenzi, vipodozi, dawa, vipuri vya pikipiki. Muuzaji anaandika bidhaa, idadi, bei, anabonyeza Hifadhi, risiti inatoka. Kwa muda mrefu kitufe cha Hifadhi kilikaa chini kulia. Mbunifu wetu, kijana makini kuliko sisi wote, aligundua kwamba kwenye simu za bei ndogo kibodi ikifunguka inakifunika, muuzaji anabaki anatafuta. Hoja yake ilikuwa ya kweli kabisa. Tukakubaliana kitufe kipande juu, na pale chini kulia palipobaki wazi tukaweka kitufe kingine, Ongeza Bidhaa.

Kwenye kikao hicho tulibishana nusu saa kuhusu rangi ya kijani ya kitufe. Kuhusu mahali pake, hata dakika moja. (Najua hatuko peke yetu. Mwaka 2009 mbunifu Douglas Bowman aliondoka Google, na miongoni mwa malalamiko yake aliyoyaandika hadharani ni kwamba timu moja pale, baada ya kushindwa kuchagua kati ya bluu mbili, ilikuwa ikizijaribu rangi za bluu 41 zilizo katikati yao ili ione ipi inafanya vizuri zaidi. Sisi tulikuwa na kijani tatu tu. Umaskini una nafuu zake.)

Toleo jipya tulilitoa Alhamisi usiku. Ijumaa asubuhi simu zikaanza.

Simu niliyopokea mimi ilitoka kwenye duka la vifaa vya ujenzi Buguruni. Keshia wa pale ni dada ambaye ukimkuta kazini utadhani anasuka ukili: macho yako kwa mteja na kwa kijana anayepima misumari, kidole gumba kinafanya kazi peke yake kwenye kishikwambi. Siku hiyo alifanya kazi hivyo hivyo. Kila alipomaliza mteja, kidole kilienda chini kulia kama kawaida, na kwa kuwa pale sasa kulikuwa na Ongeza Bidhaa, mstari mpya ukafunguka, mweupe, unaofanana sana na ukurasa mpya wa mteja mwingine. Akaendelea. Risiti hazikutoka, lakini printa ya pale ina tabia zake, akadhani imegoma tena, akawa anawaandikia wateja kwa mkono. Saa kumi na moja jioni mwenye duka anafunga hesabu anakuta siku nzima ameuza kwa mtu mmoja. Mteja mmoja tu, aliyenunua misumari ya inchi nne kilo mbili, kisha kilo moja, kisha mifuko mitatu ya saruji, kufuli tisa, koleo, rangi ya mafuta, bawaba, misumari tena, bomba la nusu inchi, na mwisho kabisa mtego wa panya.

"Kaka," aliniambia dada yule, "mmefanyaje tena humu?" Hakuwa na hasira. Alikuwa amechoka. Mwenye duka ndiye aliyekuwa na hasira, nami nilimsikia kwa nyuma.

Bosi wetu alisikiliza malalamiko ya siku ile yote akatoa hukumu ya neno moja: watazoea. Tuwape wiki mbili. Kweli, baada ya wiki mbili simu zilikuwa zimekoma. Kwenye kikao mtu akaonyesha grafu ya malalamiko ikiteremka kama mlima Sekenke, na tukafurahi. Nami nilifurahi.

Sitaki kujifanya kwamba neno lile ni la kipuuzi. Lina ushahidi wake, na ushahidi wenyewe ni mkubwa.

Septemba 2006 Facebook ilikuwa bado ya wanafunzi zaidi kuliko ya watu wengine. Ulikuwa unaingia kwenye ukurasa wa rafiki mmoja mmoja, kama unavyopita kugonga milango. Tarehe 5 ya mwezi ule wakaamka wakakuta habari za marafiki wote zimemwagwa mahali pamoja, kwenye mtiririko mmoja. Mwanafunzi mmoja wa Marekani akafungua kundi la kupinga, na ndani ya siku chache likawa na watu zaidi ya 700,000. Mark Zuckerberg akaandika ujumbe wenye kichwa kilichowaambia watulie na wavute pumzi, na siku tatu baadaye akaandika mwingine wa kukiri kwamba wamekosea, wakaongeza mipangilio ya faragha. Mtiririko wenyewe hawakuuondoa. Kinachochekesha ni kwamba kundi lile lilikua kwa kasi namna ile kwa sababu kila aliyejiunga, marafiki zake walimwona amejiunga, kwenye mtiririko ule ule walioupinga. Leo jaribu kumwambia mtu kwamba mtandao wa kijamii unaweza kuwa bila huo mtiririko. Hatakuelewa.

WhatsApp ni hivyo hivyo, na hiyo tuliipitia wengi wetu. Jan Koum alipoianza mwaka 2009, wazo la kwanza halikuwa kutumiana ujumbe. Lilikuwa lile neno dogo kando ya jina lako: nipo, sipo, niko kazini. Miaka ikapita, watu wakalifanya neno lile kuwa kibaraza chao. Wengine waliweka aya, wengine kijembe kwa mtu fulani ambaye alijijua, wengine waliandika "Mungu ni mwema" mwaka ule simu iliponunuliwa na hawakugusa tena. Februari 2017, kampuni ikielekea kutimiza miaka minane na watumiaji zaidi ya bilioni moja, wakayaondoa maneno yale na mahali pake wakaweka picha na video zinazofutika baada ya saa 24. Kelele zikawa nyingi kiasi kwamba mwezi uliofuata maneno yalirudishwa, yakiwa yamehamishiwa chumba cha nyuma kinachoitwa Kuhusu.

Na zile picha za saa 24? Fungua simu yako sasa hivi. Kuna mtu anauza vitenge, kuna tangazo la msiba, kuna kiwanja Kigamboni, kuna mwanao umemwona mahafali yake huko kabla hajakutumia picha. Biashara nyingi za kina mama mtaani kwetu hazina duka lingine zaidi ya hapo. Tuliokuwa tukilalamika 2017 ndio hao hao tunaoamka na kuangalia nani ameangalia.

Kwa hiyo bosi ana lake la kusimamia. Ila tazama vizuri hadithi ya WhatsApp: wale waliolilia maneno yao hawakuyasahau. Walirudishiwa. Kama wasingepiga kelele, wangeambiwa wamezoea.

Mfano unaonikera zaidi ni wa nyota. Tarehe 3 Novemba 2015 Twitter waliondoa nyota chini ya kila ujumbe wakaweka moyo. Badiliko dogo kuliko hilo silijui: kitufe kipo palepale, ukubwa ule ule, kazi kwenye mtambo ni ile ile, umbo tu na jina lake. Maelezo ya kampuni yalikuwa kwamba nyota inawachanganya wageni, moyo unaeleweka na kila mtu duniani.

Shida ni kwamba nyota, kwa sababu haikueleweka sana, watu walikuwa wameipa kazi zao wenyewe. Ilikuwa alama ya "nitasoma baadaye". Ilikuwa "nimekuona" kwa mtu uliyeshindwa cha kumjibu. Ilikuwa njia ya kufunga mazungumzo kwa adabu, kama pale unaposema haya basi na kushika kitasa cha mlango. Ilikuwa kumbukumbu ya mwandishi anayekusanya matamshi ya mwanasiasa ambaye hampendi hata kidogo. Moyo hauna nafasi ya mambo hayo. Mtu ameandika kwamba mafuriko yamechukua nyumba yao, unataka kumwonyesha umesoma: unabonyeza moyo? Kuna waliobonyeza na kujisikia vibaya, kuna walioacha kubonyeza. Nilikuwa miongoni mwa hao wa pili, na nakumbuka nilijiona mjinga kukasirikia kitu chenye upana wa kucha.

Wiki moja baadaye kampuni ikasema mibonyezo imeongezeka kwa asilimia 6. Grafu ikawapa haki, kama yetu ilivyotupa sisi. Lakini grafu ile ilikuwa ikihesabu kitufe, na kitufe kimoja ndicho kilichokuwa kikifanya kazi nne. Waliokuwa wakikitumia kama alamisho hawakuwa na safu yao kwenye jedwali. Alamisho ya kweli, kitufe cha kuhifadhi ujumbe bila kumwambia mtu, Twitter walikuja kuitoa Februari 2018, baada ya miaka miwili na zaidi. Yaani mtu alinyang'anywa kitu, akaambiwa hakikuwepo, kisha akaletewa kama zawadi.

Sisi wa kazi hii tunakosea hapo, na nadhani ni kwa sababu ya mahali tunapokaa. Tunaiona skrini kama ukurasa, kwa hiyo tunapima badiliko kwa sentimita: kimesogea kidogo, kimebadilika umbo kidogo. Mtumiaji hasomi ukurasa. Amekwisha kuusoma siku ya kwanza, akafunga kitabu. Kuanzia hapo anaishi mle kwa kupapasa. Hapa Dar daladala zina mistari ya rangi ubavuni kulingana na njia, na mtu anayekwenda Mbagala anaijua gari yake ikiwa bado kwenye foleni, kabla hajaona herufi hata moja. Hebu wabadilishe rangi mbili tu usiku mmoja, maandishi yabaki yale yale makubwa yanayosomeka, uone asubuhi watu watakavyojikuta Tegeta.

Wahenga walishasema kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Mimi programu ile nimeiandika mistari maelfu, lakini sijawahi kuuza nayo mfuko mmoja wa saruji.

Nikubali pia kwamba kuna kelele ambazo si za haki. Kuna watu wanaopinga kila kitu, wakiongezewa herufi kubwa wanalia, wakipunguziwa wanalia. Mimi mwenyewe, mwaka 2024 WhatsApp walipohamisha vichupo vya Android, ile safu ya vitufe vya kuhamia gumzo au simu, kutoka juu kwenda chini, nililalamika siku mbili nzima, kisha nikagundua kidole gumba changu hakilazimiki tena kunyooka kama shingo ya twiga. Sasa siwezi kurudi. Wakati mwingine mbunifu ameona mbele kuliko sisi.

Na kuna pale ambapo hakuona. Microsoft waliondoa kitufe cha Start, kile cha kufungua menyu ya programu, kwenye Windows 8, Oktoba 2012, kitufe ambacho watu walikuwa wamekishika tangu 1995. Kuzima kompyuta tu kulitaka upeleke mshale kwenye kona, usubiri upau utoke pembeni, uingie kwenye mipangilio, kisha utafute alama ya umeme. Mwaka mmoja baadaye, kwenye 8.1, kitufe kikarudi, ila ukikibonyeza kilikupeleka kwenye ukurasa mpya wa vigae, ile miraba mikubwa waliyoiweka badala ya menyu. Walirudisha mlango, chumba wakabaki nacho. Menyu yenyewe ilirudi na Windows 10, Julai 2015.

Ninaowaonea wivu kidogo ni watu wa Wikipedia. Januari 2023 Wikipedia ya Kiingereza ilibadilishiwa sura iliyokuwa nayo tangu 2010: mistari ikafupishwa, pembeni pakabaki weupe mwingi. Wahariri walichachamaa, na kwa kuwa wale ni watu wa kujadiliana hata nukta, mjadala wa kutaka sura ya zamani irudi ulikuwa mrefu ajabu na ukaisha bila maafikiano ya kuirudisha. Lakini sura ya zamani haikufutwa. Ukiwa na akaunti, unaingia kwenye mapendeleo yako na kuichagua, na hata ile iliyotangulia, ya mwaka 2004, bado imo. Kuna wahariri ambao hadi leo wanafanya kazi ndani ya sura ya mwaka 2004, na mkate wao hauharibiki. Kutunza milango mingi ya zamani kunagharimu, najua, kila ukipaka rangi unapaka yote. Kampuni ya watu watano haiwezi milango yote. Mmoja labda.

Nilienda Buguruni miezi mitatu baada ya toleo lile, wala si kwa ajili ya kitufe. Printa ilikuwa imegoma kweli safari hii. Nikiwa nyuma ya kaunta nasubiri iwake, nikakiona kishikwambi cha yule dada. Chini kulia, juu kabisa ya Ongeza Bidhaa, alikuwa amebandika kipande cha plasta, ile ya kidonda, amekikata kwa mkasi kikalingana na kitufe. Kidole gumba kikienda pale kinagusa kitambaa, kinashtuka, kinapanda juu kutafuta Hifadhi. Nilimtazama akihudumia wateja watatu. Kila mara kidole kilishuka kwanza, kikagusa plasta, kikapanda. Miezi mitatu.

"Sasa mbona hukupiga tena?" nikamuuliza.

"Nilipiga mara mbili, kaka. Mkasema nitazoea."

Duka la pili kutoka pale, lenye vipodozi, nalo ni wateja wetu. Nilipopita kuwasalimu nilikuta kishikwambi kimeegemezwa ukutani kama saa, na muuzaji anaandika kwenye kaunta buku. Duka la dawa ng'ambo ya barabara, vivyo hivyo. Wote wawili malipo yao ya mwezi yalikuwa yanaingia bila shida. Kwenye grafu yetu walikuwa miongoni mwa walioridhika.

Niliporudi ofisini nilisema niliyoyaona. Mbunifu wetu alikuwa wa kwanza kuinamisha kichwa, na yeye ndiye aliyepata njia: Hifadhi kirudi chini kulia, na kibodi ikifunguka kitufe kipande nayo, kikae juu yake kama kunguru kwenye ukuta. Ilichukua siku mbili za kazi. Ongeza Bidhaa tukaipeleka kushoto. Safari hii, kabla ya kutoa toleo, nilizungukia maduka sita kwa miguu, nikiwa nimebeba simu yenye programu mpya, nikawaambia wauze nayo huku nawatazama vidole. Bosi aliuliza kama hilo litakuwa jambo la kila mara. Nikamwambia nauli ya daladala ninayo.

Mama tulimwandikia tano kwa kalamu ya maka nyuma ya simu. Wino umeshafutika na bado anaanza na nne, anaguna, anafuta, anabonyeza tano. Haongei kitu siku hizi.

Juzi nilipita tena Buguruni. Hifadhi iko chini kulia, inafanya kazi, risiti zinatoka moja moja kwa kila mteja. Plasta bado ipo. Dada ameibandua kutoka pale na kuibandika kushoto, kwenye Ongeza Bidhaa, imekuwa nyeusi kwa vumbi la saruji. Nikamwambia haihitajiki tena, anaweza kuitoa.

"Iache tu," akasema, huku akimpimia mteja kamba. "Mkihamisha tena nitaitoa wapi?"